Zamu ya Geti Namba Mbili

Mwanasheria wa Kampuni alipoingia ndani, jambo la kwanza alilofanya ni kupangusa kiti. Hakulifanya kwa siri wala hakuona haya. Alichomoa karatasi laini mkobani, akafuta pa kukalia na pa kuegemea, kisha akaangaza macho kutafuta pa kuitupa. Alipokosa, akamnyooshea mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, mwanamume mzima aliyewahi kuamrisha askari thelathini, akaipokea ile takataka kwa mikono miwili.

Mama Pacha aliyaona hayo akiwa mlangoni, ndiyo kwanza anatoka kazini. Mumewe alikuwa amerudi kutoka nchi jirani wiki tatu zilizopita, mkataba wake ukiwa haujafika hata nusu, na kila alipoulizwa kulikoni alijibu kwamba amechoka. Sasa jibu lilikuwa limekuja lenyewe kwa miguu yake, limevaa viatu vya ngozi, limekalia kiti chake.

"Wewe ndiye mkewe?" mwanasheria aliuliza. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya upole wa kuudhi.

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye nani, mwanangu?"

Binti hakupenda kuitwa mwanangu. Alifungua mkoba, akatoa karatasi moja, akaiweka mezani na kalamu juu yake. Akaeleza kazi iliyomleta. Mtaa mzima ulimwita mume wa Mama Pacha Sajenti, ingawa jeshini alishastaafu, tena kwa heshima. Baada ya kustaafu alichukuliwa na Kampuni, na Kampuni ndiyo iliyopewa kazi ya kuilinda Misheni ya Amani huko ng'ambo ya mpaka. Walinzi wake hawakuwa wanajeshi, wala hawakuvaa kofia za buluu za Misheni. Walivaa mashati ya kaki yenye nembo ya Kampuni, na buti walijinunulia wenyewe. Sajenti alipangiwa geti namba mbili la ghala la chakula. Na tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, pale getini, watu wawili walikufa kwa risasi.

"Hii ni taarifa tu," mwanasheria alisema, akiigonga ile karatasi kwa ukucha. "Inasema Sajenti aliona hatari, akaamua mwenyewe kufyatua, bila kuamriwa na mtu. Akitia sahihi, analipwa mishahara ya mwaka mzima kama kiinua mgongo, na hazungumzi jambo hili na mtu yeyote. Narudi Ijumaa."

"Asipotia?"

"Asipotia, itaandikwa kwamba aliondoka kazini bila ruhusa. Mtoro halipwi kitu, na hakuna kampuni ya ulinzi itakayomgusa tena."

"Atatia, mheshimiwa," alidakia shemeji yake Mama Pacha, mdogo wake Sajenti, aliyekuwa amekaa pembeni magoti yamebanana. Huyu naye alikuwa ameomba kazi kwenye Kampuni hiyohiyo. Alishakimbizwa uwanjani, alishapimwa damu na meno, alikuwa anasubiri kuitwa. "Kaka ni mtu wa nidhamu. Hana neno."

Mama Pacha hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama mumewe, aliyekuwa ameinamia ile karatasi laini iliyomo mkononi mwake, akiikunja mara mbili, mara nne, mara nane. "Risasi gani?" alimwuliza. "Mume wangu, risasi gani?"

Sajenti alimtupia jicho mgeni, akaendelea kukunja.

Mgeni alipoondoka, na shemeji akamfuata nje kumfungulia mlango wa gari kama dereva wake, Mama Pacha alifunga mlango wa nyumba, akauegemea kwa mgongo. Pacha walikuwa bado shuleni. "Sema," alimwambia.

Sajenti alisema kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake, amesimama, mikono ubavuni. Chakula kilichelewa siku nne. Watu wakajaa getini, wapata mia tatu, wengi wanawake na wazee, na ndoo zao na magunia matupu. Walinzi walikuwa wanne. Geti likaanza kutikiswa. Mwenzake akafyatua hewani, watu wakarudi nyuma kidogo, kisha wakarudi tena mbele.

"Nikamwita mkuu wa zamu kwenye redio. Yeye alikuwa ofisini, kwenye kontena lenye kiyoyozi. Akasema, fyatua. Nikamwuliza, hewani? Akasema, hewani wameshazoea. Fyatua chini."

"Chini wapi?"

"Ardhini, mbele ya miguu yao. Nikairudia amri kama tulivyofunzwa. Nimepokea, nafyatua chini. Nikafyatua. Mwenzangu alikuwa amefyatua tena hewani, kwa hiyo walikuwa wameinama. Sikuliwaza hilo. Mwanamke mmoja na mzee mmoja."

Mama Pacha aliiangalia mikono ya mumewe. Ndiyo mikono iliyowaogesha pacha wake walipokuwa wachanga na yeye bado hajiwezi kwa kidonda cha upasuaji. Alimchukia, na hakujisumbua kuificha chuki yake. Alimchukia kwa kufyatua, na kwa kukaa wiki tatu akila ugali wake bila kusema.

"Kwa hiyo uliamriwa," alisema mwishowe.

"Niliamriwa."

"Basi hiyo karatasi ni uongo mtupu."

"Ni uongo. Lakini wanazo karatasi za zamu."

Karatasi za zamu zilikuwa hivi. Kila mlinzi, kabla ya kukabidhiwa bunduki, alipaswa kutia sahihi karatasi ya siku hiyo, inayosema ameelezwa kwamba asifyatue risasi bila amri ya maandishi ya mkuu wa zamu. Sasa mkuu wa zamu hakutaka foleni ya watu sitini mlangoni pake kila alfajiri. Kwa hiyo tarehe mosi ya kila mwezi alipanga meza uwanjani, juu yake karatasi za mwezi mzima, kila moja na tarehe yake, na walinzi wakapita mmojammoja wakitia sahihi zote thelathini kwa mkupuo, kisha wakaenda kunywa chai. Wote walikuwa askari wastaafu. Wapange foleni, wape kalamu, hawana swali.

"Ilikuwa inaokoa muda," Sajenti alisema.

"Ulitia sahihi thelathini bila kusoma?"

"Nilisoma ya kwanza."

Mama Pacha alitaka kucheka, kikamtoka kitu kingine. Yeye alikuwa karani wa masjala kwenye zahanati, maisha yake yote yalikuwa mafaili. "Wagonjwa wangu wasiojua hata a, wananiuliza karatasi inasema nini kabla ya kuweka dole gumba," alisema. "Mtu mzima na nyota zako begani!"

"Sikuwa na nyota. Nilikuwa na tepe."

"Nenda zako huko na tepe zako."

Alhamisi Mama Pacha aliomba ruhusa kazini, akamburura mumewe hadi ofisi ya Misheni ya Amani mjini. Lilikuwa jengo la vioo, na mbele yake geti, na getini mlinzi mwenye shati la kaki. Nembo ya Kampuni ilikuwa kifuani pake.

"Afande!" mlinzi aliita, akagonga visigino. Waliwahi kuwa kikosi kimoja. Alitabasamu meno yote nje, akauliza habari za pacha, akaandika jina la Sajenti kwenye daftari la wageni. Kisha redio yake ikakoroma. Aliisikiliza, akasema nimepokea, na lile tabasamu likapotea. "Afande, samahani sana. Nimeambiwa wewe usiingie. Mama anaweza."

"Umeambiwa na nani?"

"Afande, tafadhali. Usinipoteze kazi. Tena naomba usimame kule, nyuma ya mstari wa njano."

Sajenti akaenda kusimama nyuma ya mstari wa njano, juani, kama alivyoambiwa. Hilo ndilo lililomwudhi Mama Pacha kuliko yote, jinsi alivyokwenda.

Ndani alingoja saa mbili na robo. Afisa aliyempokea alikuwa na beji shingoni na glasi ya maji mbele yake, na maji hayo hakumkaribisha mgeni. Alisikiliza hadi mwisho, alijua kusikiliza, bila shaka alifundishwa.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini mumeo si mtumishi wetu. Sisi tuna mkataba na Kampuni. Kampuni ndiyo yenye mkataba na mumeo. Malalamiko yapeleke kwenye Kampuni."

"Kampuni ndiyo ninayoilalamikia."

"Basi nenda mahakamani."

"Mahakama ipi?"

"Hilo si swali la ofisi hii."

"Wale watu walikufa kwenye geti lenu. Bendera iliyokuwa inapepea juu yao ni yenu. Chakula walichofuata ni chenu."

"Geti ni letu, mama. Mlinzi si wetu."

Alimsindikiza hadi kwenye lifti, akampa kijitabu kuhusu ulinzi wa raia, chenye picha ya watoto wanaocheka. Mama Pacha alikitupa kwenye pipa la kwanza aliloliona, afisa akiwa bado anamtazama. Nje alimkuta mumewe palepale nyuma ya mstari, shati limemganda mgongoni, na yule mlinzi wa getini akimpa kisogo kwa makusudi.

"Wamesemaje?" Sajenti aliuliza.

"Wamesema wewe si mtu wa mtu."



Ijumaa mwanasheria alikuja na faili nene, na safari hii hakupangusa kiti, maana shemeji alikuwa ameshakipangusa kabla hajafika. Alitoa karatasi ya zamu ya tarehe kumi na mbili, akaiweka kando ya ile taarifa. Sahihi ya Sajenti ilikuwa chini, imekaa wima, hakuna ubishi.

"Saa kumi na mbili asubuhi alielezwa asifyatue bila amri ya maandishi, akatia sahihi," mwanasheria alisema. "Amri ya maandishi haipo. Kwa hiyo aliamua mwenyewe. Taarifa inasema kitu kilekile tu."

"Naomba hilo faili," Mama Pacha alisema.

"Ni nakala. Tazama."

Mama Pacha akalivuta. Kazini alikuwa na tabia iliyowachosha madaktari. Faili halifungi mpaka amefika karatasi ya mwisho, maana huko ndiko watu huficha madhambi. Akafunua kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Akafunua kumi na tano. Akafika ishirini. Akaendelea polepole, akilowesha kidole, mpaka thelathini. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akarudi na pasi ya kusafiria ya mumewe, akaifungua kwenye muhuri.

"Tarehe kumi na nne mlimpandisha ndege. Huu hapa muhuri wa uhamiaji," alisema. "Tarehe ishirini alikuwa amelala humu ndani anakoroma, mimi shahidi, sikupata usingizi. Sasa nieleze, mwanangu. Nani alimtilia sahihi kule getini tarehe ishirini? Na ishirini na moja? Na thelathini? Mliwafanya watu watie sahihi kabla ya siku kufika. Hakuelezwa kitu tarehe kumi na mbili, wala mtu yeyote hakuelezwa."

Kwa mara ya kwanza wiki ile Mama Pacha alijisikia mtu. Sajenti aliinua macho akamtazama mkewe kama aliyeletewa maji.

Mwanasheria alilivuta faili taratibu, akalirudisha mkobani, akafunga zipu. "Umefanya kazi nzuri, mama," alisema, na alionekana kumaanisha. "Wanasheria wetu watatu hawakuliona hilo. Sasa utampelekea nani?"

"Mahakamani."

"Ipi? Kule, makubaliano ya Misheni na serikali yao yanawapa walinzi kinga, hawashtakiwi wala hawaitwi. Hapa, mahakama zetu hazina mamlaka juu ya kilichotendeka kule, na yeye si mwanajeshi tena hata jeshi limwite. Mkataba wake unasema ugomvi wowote upelekwe kwenye kisiwa ambako Kampuni imesajiliwa. Mimi mwenyewe sijawahi kufika huko, nasikia kuna ofisi yenye kisanduku cha barua." Akamgeukia Sajenti, sauti ikazidi upole. "Hakuna hakimu duniani atakayekuuliza swali hata moja, mzee wangu. Maisha yako yote. Mbona hiyo ni habari njema?"

"Kama hakuna wa kuuliza," Mama Pacha alisema, "mnaitakia nini sahihi yake?"

Binti aliona hakuna cha kupoteza. "Zabuni. Mkataba wetu na Misheni unafikia mwisho mwezi ujao. Wanataka taarifa inayoonyesha kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja, na huyo mtu hayupo tena kazini."

"Basi si hilo tu, kaka?" shemeji alisema, akisogeza kalamu. "Mambo ya zabuni hayo. Waliokufa hawarudi. Tia sahihi, watoto wasome, na mimi niitwe kazini. Unatubania nini?"

Sajenti aliichukua kalamu. Mama Pacha alimwona akiishika vizuri, akilaza kiganja juu ya karatasi isiteleze, na akajua kwamba akitia sahihi hataweza tena kulala naye chumba kimoja. Hakusema. Alishachoka kuwa mdomo wake.

"Hakuna atakayeniuliza?" Sajenti alisema.

"Hakuna."

"Hata watu wao? Wa wale waliokufa?"

"Wale?" Mwanasheria alitikisa kichwa. "Hawajui hata Kampuni inaitwaje. Hawana namba ya mtu yeyote."

Sajenti akaiweka kalamu chini. "Mimi ninayo yao," alisema.

Akatoa simu mfukoni. Mama Pacha alimsogelea. "Namba ya nani?"

"Ya yule mwanamke. Alikuwa anatufulia nguo."

Ilimchukua Mama Pacha muda kuelewa. Mwanamke mmoja na mzee mmoja, alimwambia siku ile ya kwanza, kama mtu anayehesabu magunia. Kumbe alimjua. Kumbe alimpa mashati kila wiki, wakaulizana habari za watoto, akaihifadhi namba yake. Alitamani kumzaba kibao mbele ya wageni.

"Sajenti, ukipiga hiyo simu hakuna malipo," mwanasheria alisema, na ule upole ulikuwa umekatika. "Jioni hii unaandikwa mtoro. Nasema mbele ya mashahidi."

Shemeji alirukia simu. Mama Pacha akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, akamwangusha kitini kwa kishindo. "Mwache," alisema. Hakusema kwa huruma. Alitaka mumewe asikie alichokichuma. Simu ilipoanza kuita, alinyoosha mkono, akabonyeza spika, wasikie wote. Mwanasheria aliinuka, akakuta Mama Pacha amesimama kati yake na mlango. "Kaa, mwanangu. Leo utasikiliza na wewe."

"Haloo, nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, lugha ileile yetu kwa lafudhi ya kwao. Nyuma yake mtoto alikuwa anakohoa.

"Mlinzi wa geti namba mbili," Sajenti alisema.

"Yupi?"

"Aliyefyatua."

Mtoto akakohoa tena. Mwanamume alimwambia mtu ampeleke nje. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wiki tatu naenda pale getini. Wa buluu wananituma kwa wa kaki, wa kaki wananituma kwa wa buluu. Jana wameniambia hakuna aliyefyatua, labda ni jiwe. Mimi nimemwosha mke wangu. Najua jiwe na najua risasi."

"Ilikuwa risasi. Yangu."

"Uliambiwa ufyatue, au ulipenda mwenyewe?"

Mwanasheria alifumba macho. Ile ndiyo taarifa nzima, imeulizwa na mtu ambaye hakuwa na kalamu wala muhuri.

"Niliambiwa," Sajenti alisema. Akamtaja mkuu wa zamu kwa jina lake kamili, akalirudia polepole ili liandikwe, akalitaja na jina la Kampuni, na saa, na maneno yaliyosemwa kwenye redio. Kisha akataja jina lake mwenyewe, la baba yake na la babu yake. "Niliambiwa, na ningeweza kukataa. Sikukataa. Sikuangalia nyuso. Nilimjua alipokwisha kuanguka."

"Sikusamehe," mwanamume alisema.

"Sikupiga kuomba hilo."

"Nyamaza, nisikilize. Siku ile hakufuata chakula. Ndani tulikuwa nacho. Alikuwa anakuletea mashati yako mawili, ameyapiga pasi, ameyaweka kwenye ndoo safi. Walinirudishia yeye, wakanirudishia na ndoo. Mashati yako yamo humo mpaka leo, sijayagusa. Njoo uyachukue."

Sajenti aliishika simu kwa mikono miwili.

"Unanisikia? Usitume mtu. Njoo mwenyewe, kwangu, mbele ya ndugu zake. Niambie utakuja lini."

Shemeji alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, mdomo wake ukisema bila sauti, watakuua. Mwanasheria alikuwa anaitazama karatasi yake mezani, nyeupe pale pa sahihi. Mama Pacha alijua kwamba shemeji hakukosea. Huko hakukuwa na sheria iliyowafikia wale waliokufa, na haingemfikia mumewe pia. Alijua vilevile kwamba hii ndiyo mara ya kwanza, tangu tarehe kumi na mbili, mtu yeyote kumwita mumewe aje ajibu.

Sajenti alimgeukia mkewe. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na alikuwa anamngoja.

"Mwambie Jumatatu," Mama Pacha alisema.